Foleni Ukumbini kwa Bi Tatu

Aika alinipigia simu Jumapili mchana nikiwa jikoni, akasema bila hata salamu, "Salma, kesho wanazungusha mabati. Nyumba ya Bi Tatu inavunjwa." Majuma machache nyuma tulikuwa tumekaa pamoja kwenye arobaini ya huyo huyo Bi Tatu, tumekula pilau, tumesikia kwamba warithi wameshauza kiwanja, kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kushtuka. Nikashtuka vilevile. Niliacha vyombo kwenye karo, nikaenda Kariakoo, nikazunguka kutafuta mahali pa kuegesha gari mpaka nikatukana peke yangu, na mwisho nikamkuta Aika amesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, mama mzima sasa, miwani ya kusomea imepanda kichwani. Ile nyumba ya chini ilikuwa imebanwa na maghorofa pande tatu, na mbele yake mtu ametandaza viatu vya watoto na anavinadi kwa kipaza sauti. "Nawaza niingie niombe kile kitasa cha chumba chetu," Aika alisema. Nikamwambia asinichekeshe. Hatukuingia. Tulikunywa chai mgahawa wa jirani, tukazungumzia magonjwa ya magoti na watoto wasiopiga simu, na jambo lililotutoa majumbani kwetu hatukuligusa. Hatujawahi kuligusa miaka yote hii, ndiyo maana naliandika.

Nilikotoka na nani alinizaa si habari ya ukurasa huu. Ninachosimulia ni mwaka wangu wa mwisho chuoni, nilipokuwa nasomea mambo ya fedha, nimepanga chumba cha uani kwa Bi Tatu pamoja na Aika, mwanafunzi mwenzangu, binti wa Kimachame aliyenizidi alama katika kila somo na hakuona sababu ya kuficha. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja tuliyoigombea, na dirisha la nondo lililotazama karo, kamba za kuanikia na jiko la mkaa. Kuta za ndani hazikufika paani, kwa hiyo siri ndani ya nyumba ile ilikuwa kitu cha kuazima tu. Ukikohoa chumbani kwako, Bi Tatu anakwambia "pole" kutoka kwake. Alikuwa mjane mnene wa Kizaramo, mwenye sauti ya kuita watu barabarani, na kila alfajiri alikaanga maandazi aliyoyasambaza madukani. Yaliyopasuka yalikuwa haki yetu. Jioni Aika alipika mtori, na Bi Tatu alikula bakuli mbili huku akiutukana, akiuita uji wa ndizi wenye kiburi. Aika naye alimuuliza kama Wazaramo waliwahi kulima kitu chochote zaidi ya maneno. Ndivyo tulivyoishi, kwa utani wa namna hiyo, na nilikuwa na raha kuliko nilivyojua.

Kila Jumamosi alasiri ukumbi wa nyumba ile uligeuka kuwa taasisi ya fedha. Natumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu nimekula mshahara wa kukagua taasisi za fedha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona zenye viyoyozi na mazulia ambazo hazikufikia nidhamu ya pale. Kilikuwa chama cha kuweka na kukopa, na wanachama walikuwa wafanyabiashara wa mitaa ile, wauza vitambaa, mafundi cherehani, wenye maduka ya jumla, na wachache sisi tuliojiwekea vijisenti. Sanduku lilikuwa la chuma lenye makufuli matatu, na kila ufunguo ulikuwa na mtu wake. Mmoja ulikuwa kwa Bi Tatu, mweka hazina. Wa pili ulikuwa kwa Mama Frida, fundi cherehani wa nyumba ya pili, Mlutheri mpole aliyekasirika mara moja kwa mwaka. Wa tatu ulikuwa kwa Mangi Kimaro, mwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki, ambaye pia alikuwa mjomba wa Aika na ndiye aliyemlipia ada kutoka akiba yake ya pale pale. Asipokuwepo mmoja, sanduku halifunguki. Watu wa nje walidhani limejaa, kumbe pesa nyingi zilikuwa nje, zimekopeshwa, ziko kwenye mizigo iliyokuwa bado baharini, ule wa Mangi ukiwemo, na kwenye majora ya vitambaa ambayo hayajauzwa. Benki yoyote ni hivyo hivyo. Zako hazipo pale ulipoziweka, zinafanya kazi kwa mtu mwingine, na mambo huenda vizuri maadamu hamzitaki wote siku moja.

Siri niliyokuwa nayo mwaka ule ilikuwa ya Bi Tatu. Mwezi mmoja kabla ya mambo kuharibika, Aika akiwa hayupo, alinivuta chumbani kwake, akafunga mlango, akanong'ona kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Naenda Hija." Alikuwa amejiwekea tangu mumewe akiwa hai, andazi kwa andazi, na mwaka ule ndio zilitimia. Alitaka nimsindikize kwenye ofisi ya wasafirishaji wa mahujaji kwa sababu, alisema, vijana wa mle walizungumza haraka kama wanaofukuzwa. Nikaenda naye. Tukaambiwa malipo yote yawe yamefika Jumamosi fulani, siku ambayo pasi za kusafiria zitapelekwa ubalozini. Njiani akaniapisha nisimwambie mtu, hata Aika, mpaka viza itoke. "Macho ya watu, Salma. Wengine wanakupongeza na safari inavunjika." Nilikuwa msomi wa mwaka wa tatu, siamini mambo ya macho. Lakini nilikuwa nimeapa, nikanyamaza, nikalala kitanda cha pembeni ya Aika kila siku na neno hilo mdomoni.

Chuoni tulikuwa na mwalimu wa somo la masoko na taasisi za fedha tuliyemwita Profesa ingawa hakuwa. Alikuwa mwembamba, mkali, anavaa sweta katika joto lile la Dar, na aliamini kwamba mwanafunzi hukumbuka tu kile kilichomuuma. Siku moja aliingia na mfuko wa pipi, akazimwaga mezani na kutangaza kwamba zile ni akiba zetu, lakini ni chache kuliko sisi kwa sababu nyingine amezikopesha. Anayetaka yake aje aichukue wakati wowote. Atakayesubiri mpaka mwisho wa kipindi, zile zilizokopeshwa zitakuwa zimerudi, na atapata mbili. Kisha akageuka kuandika ubaoni. Tulicheka, tukatulia. Kila mtu alijua kwamba kusubiri kuna faida. Halafu nyuma kabisa kiti kikalia, pengine mtu alikuwa anajinyoosha tu, na darasa zima la watu wazima likaruka mezani. Nilibaki nimekaa nikisema "Jamani, si tulielewana?" na sikupata kitu. Aika alipata moja, akaing'ata katikati, akanipa nusu. Profesa hakugeuka hata kutuangalia. Alisema, "Hakuna hata mmoja wenu aliyekosea. Hilo ndilo mnatakiwa kulielewa."

Jumatano ya juma lile la malipo, Bi Tatu alianza kuaga. Kila Mwislamu wa pwani anaijua desturi hii. Anayekwenda Hija hupita kwanza kwa watu wake kutaka radhi, asije akasimama mbele ya Mola wake na kinyongo cha mtu mgongoni. Alianza na Mama Frida kwa sababu waliwahi kununiana kwa kitambaa cha sare ya harusi, na alimwita uani, penye kivuli, pembeni ya bafu. Aika alikuwa ndani ya bafu hilo na ndoo yake. Mwanzo wa maneno ulimpita, maji yalikuwa yanamwagika. Alipoacha kujimwagia alisikia hivi: "Kama kuna haki yako imebaki kwangu, kwa kujua au kutojua, nisamehe, mwenzangu. Naondoka, na kurudi ni majaliwa. Ila usimwambie mtu, bado sijamaliza mambo yangu." Kisha akamsikia Mama Frida analia. Na siku iliyotangulia mtu alikuwa amemwona Bi Tatu akitoka benki na mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Mtu aliyekulia Machame, ambaye kwao anayekwenda safari anaombewa kanisani na kuchinjiwa mbuzi, aelewe nini hapo? Aika alitoka bafuni na povu shingoni, akavaa, akaenda moja kwa moja dukani kwa mjomba wake.

Niliporudi kutoka chuoni alasiri nilimkuta anapanga nguo kwenye begi. "Bi Tatu anakimbia na pesa," aliniambia. "Nimemsikia kwa masikio yangu." Akanirudia yale maneno, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaelewa. "Aika," nilisema, "anaenda Makka! Anataka radhi. Ndivyo wanavyofanya." Alikaa kitandani, juu ya nguo zake. "Mbona hukuniambia?" "Aliniapisha." "Na mimi nimeshamwambia mjomba." Tukatoka mbio, ndara miguuni, tukipenya kati ya mikokoteni na marobota, mpaka dukani kwa Mangi Kimaro. Alikuwa amesimama kati ya madumu na mabeseni na wenye maduka wenzake wawili. Tulimweleza tukipokezana pumzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa nafuu, akajifuta uso na leso. "Aisee, kumbe! Basi mama wa watu ana haki yake. Mungu amfikishe." Nikashusha pumzi. Kisha akavuta droo, akatoa ufunguo wa sanduku, akautia mfukoni mwa shati. "Ila kesho asubuhi mimi nitakuwa pale," alisema. Aika alimwuliza kama hajaelewa. "Mimi nimeelewa, mwanangu. Na hao niliowaambia toka mchana, nao wameelewa? Na wao wamewaambia akina nani?" Hakukuwa na uovu wowote usoni mwake. Aliogopa kuwa wa mwisho tu, kama sisi sote tulivyoogopa siku ile ya pipi.

Alhamisi walikuja kabla ya maandazi kuiva. Foleni ilianzia ukumbini, ikashuka barazani, ikageuka kona. Bi Tatu aliketi kwenye mkeka na buibui lake, na mtu aliyekuwa akificha safari yake isipatwe na macho ya watu alilazimika kuitangaza mlangoni kama muuza samaki. "Jamani, naenda Hija. Nilikuwa nawataka radhi. Pesa zenu zipo, zimekopeshwa kama mnavyojua, mizigo ikitoka bandarini zinarudi." Wakamwamini. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu wanafunzi wangu wa kazini, niliowafundisha ukaguzi miaka mingi baadaye, walikuwa wakidhani watu hukimbilia pesa zao kwa ujinga. Walimwamini wote. Walimshika mkono, walimpongeza, wengine walimwagiza maji ya Zamzam. Na hakuna aliyetoka kwenye foleni. "Mungu akutakabalie, Bi Tatu," alisema muuza vitambaa mmoja, kofia mkononi kwa heshima. "Mimi nakuamini wewe. Hawa walio nyuma yangu ndio siwaamini." Aliyekuwa nyuma yake aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amesemewa yeye.

Funguo tatu ziliingia, sanduku likafunguliwa, na kabla ya adhuhuri likawa tupu. Mama Frida alikuwa ametumwa kwa wakopaji. Alirudi na habari ileile kutoka kwa kila mmoja, kwamba mzigo uko njiani, au uko bandarini, au umeuzwa kwa mtu ambaye naye hajalipa. Benki tulikwenda mimi na Bi Tatu. Kijana mmoja mwenye tai alituomba hati ya nyumba, akasema mkopo huchukua majuma. Vitabu vyangu vilisema kwamba benki ikibanwa hivi, iko benki ya mabenki inayoikopesha mpaka upepo upite, mkopeshaji wa mwisho, tuliimba jina hilo darasani mpaka tukachoka. Lakini hiyo haikopeshi watu waliokaa kwenye mkeka Kariakoo. Tuliporudi, barazani mtu alikuwa anasema neno moja tu kwa kila anayepita, "Imeisha." Nilimwangalia nikitamani kumpiga. Bi Tatu aliwaambia waliobaki warudi Ijumaa asubuhi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaingia ndani akawa anachota maji kwa kata na kuyamwaga tena ndani ya ndoo.

Baada ya magharibi aliniita. Chumba chake kilinukia udi, kitanda cha samadari kimetandikwa, nguo nyeupe alizoshonewa na Mama Frida zimeninginia ubavuni mwa kabati. Alikaa kitandani, mimi nikakaa chini. Aika alikuwa chumbani kwetu, na kwa kuta zile najua alisikia kila neno. "Wewe unayasoma haya," Bi Tatu alisema. "Huko chuoni wanasemaje? Kitu hiki kinasimamishwa vipi?" Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na nitasema ukweli, kwa kitambo kidogo nilifurahi kwamba nalijua jibu. "Kwa kulipa," nilisema. "Kulipa mapema, wazi, bila kusita na bila maneno. Watu wakiona pesa zipo, hawazitaki tena."

"Zote?"

"Si zote. Zitoshe kuwalipa waoga. Wengine wakiona wanarudi makwao."

"Nikiwaambia wasubiri wiki mbili tu? Si mizigo itakuwa imetoka?"

"Hawatasubiri. Kila mmoja anajua mwenzake hatasubiri."

"Na nikienda zangu Jumamosi, nikawaachia Mama Frida na Mangi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema watachoka, watu wa Kariakoo wana kazi zao, watasahau. Nilijua kilichokuwa kwenye kabati lile, kimefungwa kwenye kanga, kinangoja Jumamosi. "Chama kitakufa kabla hujapanda ndege," nilisema. "Na waliokopa watakataa kulipa, kwa sababu hakuna anayelipa chama kilichokufa." Hakulia. Aliuliza kama waliobaki hawajalipwa ni wengi, nikamtajia baadhi, wajane wawili wa mtaa wa pili, yule dada wa vitumbua, vijana wa viatu. Aliwajua wote kuliko mimi, sijui kwa nini aliuliza. Kisha akasimama akafungua kabati. "Bi Tatu," nilisema, nikasikia sauti yangu imepanda, "hizo si za chama." "Najua ni za nani," alijibu, na akaniomba nimshikie taa kwa sababu balbu ya upande ule ilikuwa imeungua.

Ijumaa asubuhi aliweka meza katikati ya ukumbi, akatandika kanga, akazipanga pesa juu yake wazi kama mtu anayeuza nyanya. Milango yote miwili aliiacha wazi. Alinituma nipitishe chai na maandazi kwenye foleni, mazima, si yaliyopasuka. Akalipa. Aliyetaja jina alilipwa, hakuna aliyeulizwa kwa nini. Mangi Kimaro, ambaye Alhamisi kushika ufunguo kulimchelewesha mpaka sanduku likaisha, alikuja mapema, akapokea zake bila kumtazama machoni, akaenda moja kwa moja kulipa ada ya Aika, kwa sababu siku ya mwisho ya ada ilikuwa imekaribia na yeye ni mtu wa ahadi. Rundo likapungua, likapungua tena. Nilisimama na birika mkononi, nikiangalia ile kanga ilivyokuwa inaanza kuonyesha maua yake. Nilikuwa nimesema zitatosha. Sikuwa na hesabu yoyote ya kunionyesha kwamba zitatosha, nilikuwa na sura moja ya kitabu. Foleni ilikuwa bado imegeuka kona, na kilichobaki katika mawazo yangu yote wakati huo kilikuwa dua.

Foleni ilivunjika kwa mwanamke mmoja muuza dagaa. Alipokea zake, akazishika, akaangalia zilizobaki mezani, akaangalia foleni nyuma yake, akazirudisha juu ya kanga. "Nirudishie humo humo, Bi Tatu. Nyumbani kwangu kuna wanaume." Kwanza alicheka Mama Frida, halafu ukumbi mzima, halafu baraza, na wale wa kona wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Mtu mmoja akasema ana mzigo wa kupokea, akaondoka. Mwingine akafuata. Adhana ya Ijumaa ilipolia walikuwa wamebaki wachache, wamekaa barazani wanakunywa chai. Kilichobaki mezani hakikutosha hata nusu ya nauli ya Makka, na Bi Tatu alikikunja kwenye ile kanga, akawaita wenzake wawili wenye funguo, akakitia sandukuni.

Jumamosi tulikwenda ofisi ya wasafirishaji kuomba tupewe muda. Kijana wa mle alisikitika kweli, si wa kumlaumu. "Mama yangu, pasi zinaondoka leo. Na wako wengine wanangojea nafasi." Bi Tatu alisema, "Haya, baba, hamna ubaya," akaomba maji, akanywa akiwa amekaa kama sunna inavyotaka, akashukuru. Tulipokuwa tunarudi alisimama dukani kununua ngano. Nilibeba ule mfuko wa ngano kichwani mpaka nyumbani, nikilia, na watu wa Kariakoo, ambao huwa wanasema juu ya kila kitu, walinipisha njia. Majuma kadhaa baadaye alikwenda uwanja wa ndege kuwasindikiza wenzake. Nilikuwa naye. Shoga yake mmoja alimshika mabega, akamwuliza amwombee nini akifika, na Bi Tatu, katikati ya kaswida na vilio, akamwambia kwa ile sauti yake ya barabarani, "Niombee mzigo wa Mangi Kimaro utoke bandarini."

Ukatoka. Mizigo yote ilitoka, mmoja baada ya mwingine, wakopaji wakalipa, na waliochukua akiba zao wakazirudisha, wengine kwa aibu, wengine wakijifanya ndiyo kwanza wanajiunga. Mangi alikuja na kreti mbili za soda, akasimama ukumbini kama mtoto aliyevunja dirisha, akaapa kwamba mwaka unaofuata atampeleka yeye mwenyewe. Alimaanisha. Mwaka uliofuata nauli ilipanda, ikazizidi zake na ahadi ya Mangi. Uliofuata dada yake Bi Tatu aliugua, akamuuguza. Kisha kisukari, kisha macho, kisha magoti. Katika mtihani wangu wa mwisho lilikuja swali kuhusu watu kukimbilia amana zao, nikalijibu kwa mpangilio mzuri, nikapata alama ya juu kabisa niliyowahi kuipata, na kwa mara ya kwanza nikampita Aika. Hakuniuliza niliandika nini. Chama kikaishi, kikakua, kikasomesha watoto wa watu. Hakuna aliyepoteza hata senti moja. Kila nilipoirudia hesabu hiyo, na nimeirudia kwenye vikao vingi mbele ya watu wenye tai, niliona kwamba nilimwambia Bi Tatu jibu sahihi, na usahihi huo umeniuma kuliko makosa yangu yote.

Nilimwambia, mara moja tu, miaka michache kabla hajafa. Alikuwa amekaa uani, haoni vizuri, anachambua mchele kwa vidole. Nilisema, "Bi Tatu, siku ile uliniuliza. Ningekwambia sijui, ungekwenda." Vidole havikusimama. Alitoa jiwe, akalitupa pembeni, akasema ndiyo, angekwenda. Nikamwambia kwamba nafikiria jambo hilo kila mwaka mahujaji wanapoondoka. Aligeuza uso upande wa sauti yangu, na nikaona kwamba amekasirika kidogo, kama alivyokuwa akikasirika zamani tukiacha chai ipoe.

"Nyumba hii siku ile ilikuwa na watu wangapi wa kuniambia nenda?" alisema. "Mama Frida alikuwa anangoja nimuulize. Mangi mwenyewe angeniambia nenda. Ningetaka kwenda, Salma, ningemuuliza mtu mwingine."